Jina la Bendi Juu ya Kazi Isiyo ya Bendi: Kisa cha Killing Joke, 1985–1990

Kuhusu kisa hiki

Uchambuzi huu unahusu miaka mitano katika maisha ya Killing Joke, bendi ya Uingereza iliyozaliwa kwenye wimbi lililofuata panki (punk) na ambayo leo huhesabiwa miongoni mwa waasisi wa roki ya viwandani, yaani roki yenye milio mizito kama ya mashine. Majina ya wanamuziki wakuu na ya albamu zao yameachwa kama yalivyo, kwa kuwa yamo katika kumbukumbu za umma na kisa hakieleweki bila hayo. Mameneja, maofisa wa kampuni ya rekodi, mafundi wa studio na wanamuziki wa kukodiwa wametajwa kwa nafasi zao tu, na mambo ya nyumbani mwa wahusika hayakuguswa.

Kisa chenyewe kwa kawaida husimuliwa kama habari ya albamu moja mbaya. Sikubaliani na masimulizi hayo. Albamu inayohusika, Outside the Gate ya mwaka 1988, ina nyimbo zilizotungwa kwa bidii na hata kwa ujuzi. Kilichoharibika ni uamuzi wa kuitoa chini ya jina ambalo wasikilizaji walikuwa wamekwisha kulipatia maana nyingine. Linalochunguzwa hapa, kwa hiyo, ni jinsi uamuzi huo ulivyofikiwa, nani aliulipia, na kwa nini bendi iliweza kuamka tena baada yake.

Usuli

Killing Joke iliundwa mwishoni mwa mwaka 1978 katika eneo la Notting Hill, London ya magharibi, ambako vijana wa panki waliishi ukuta kwa ukuta na familia zilizotoka Karibi na mitambo yao ya muziki wa dabu (dub), aina ya rege inayotanguliza besi na mwangwi. Walikuwa wanne: Jaz Coleman, mwimbaji aliyepiga pia kinanda, Paul Ferguson kwenye dramu, Kevin Walker, aliyejulikana zaidi kama Geordie, kwenye gitaa, na Martin Glover, aitwaye Youth, kwenye besi. Mwaka 1979 walitoa santuri yao ya kwanza kwa lebo yao ndogo ya Malicious Damage na wakarekodi kipindi cha mtangazaji John Peel katika redio ya BBC, na mwaka uliofuata wakatoa albamu ya kwanza, yenye jina la bendi, kupitia E.G. Records.

Inafaa kueleza kwa makini sauti yao ilivyofanya kazi, kwa sababu mengine yote yanategemea hapo. Ferguson hakupiga dramu kwa namna ya roki ya kawaida, yaani ngoma kubwa, ngoma ya mlio mkali na matoazi ya kujaza nafasi. Aliegemea zaidi ngoma za kati, akizizungusha mfululizo kama mtu anayeita watu kwenye shughuli. Walker alitumia gitaa la Gibson ES-295 lenye tumbo wazi, nyuzi zake zimelegezwa kwa toni nzima, na badala ya kupiga solo alitandaza mlio mmoja mpana ambao haukuonyesha wazi wapi koda moja (noti zinazopigwa pamoja) inaishia na nyingine inaanza. Besi ya Youth ilibeba kile alichojifunza kutoka kwa dabu na disko. Sauti ya Coleman, iwe ya kuimba au ya kufoka, haikukaa juu ya vyombo hivyo bali ilipambana navyo ipate nafasi. Nyimbo za kipindi hicho ziliandikishwa kwa majina ya wote wanne, na hilo halikuwa ukarimu wa karatasi tu: ukiondoa chombo kimoja katika wimbo kama "The Wait" au "Requiem", kinachobaki hakitoshi kuitwa wimbo.

Bendi ilikwisha kupita katika mtikisiko mmoja kabla ya huu tunaouchambua. Februari 1982, Coleman, ambaye wakati huo alizama katika elimu za siri na aliamini kwamba balaa kubwa linakaribia, aliondoka ghafla kwenda Iceland, na Walker akamfuata. Youth alibaki Uingereza na kuanzisha bendi nyingine. Nafasi yake ikachukuliwa na Paul Raven, na mwaka 1983 wanne hao wapya wakatoa Fire Dances, albamu ambayo msikilizaji wa zamani hakuhitaji kuambiwa ni ya nani. Mtikisiko huo unarudi kwenye uchambuzi huko chini, kwa sababu unaonyesha kwamba kuondoka kwa mtu, peke yake, hakukuwa ugonjwa wa bendi hii.

Mfuatano wa matukio

Mwaka 1985 ulikuwa kilele cha biashara. Albamu ya Night Time, iliyorekodiwa katika studio za Hansa mjini Berlin chini ya mtayarishaji Chris Kimsey, ilifika nafasi ya 11 katika chati za Uingereza, na wimbo wake "Love Like Blood" ukafika nafasi ya 16 katika chati za nyimbo. Coleman alikuwa ameanza kuimba kwa sauti ya wazi na tamu zaidi, kinanda kilisikika mbele zaidi, na bado dramu na gitaa vilibeba uzito uleule. Kwa mara ya kwanza bendi ilikuwa na wimbo ambao vituo vya redio vya Ulaya vingeweza kuupiga mchana.

Kazi iliyofuata, Brighter Than a Thousand Suns ya mwaka 1986, ilirekodiwa tena Berlin na Kimsey. Hapa ndipo ishara ya kwanza ilipojitokeza. Mchanganyo wa sauti (mix) aliouandaa mtayarishaji huyo, yaani namna alivyopima kila chombo kisikike kiasi gani, haukutumika. Nyimbo zilipelekwa kwa fundi mwingine, ambaye alizilainisha na kuzing'arisha ili zifae redioni, na gitaa la Walker likazama nyuma ya vinanda. Albamu iliishia nafasi ya 54. Anayetaka kupima uzito wa uamuzi huo anaweza kulinganisha kwa masikio yake mwenyewe, kwa kuwa toleo la mwaka 2008 lilirudisha mchanganyo wa Kimsey, na tofauti haihitaji sikio la fundi.

Mwaka 1987 Coleman aliingia studio akiwa na mradi aliouona kuwa wake binafsi, akishirikiana na Walker: muziki wenye vinanda vingi, mipigo isiyo ya kawaida na mipangilio iliyokaribia muziki wa okestra kuliko wa jukwaa la roki. Septemba mwaka huo alitoa mhadhara katika Taasisi ya Courtauld, London, kueleza fikra zilizokuwa nyuma ya kazi hiyo, ukiwamo uhusiano wa herufi na namba. Jambo hilo huchekwa mara nyingi. Lakini mhadhara huo unathibitisha kwamba hakuwa mtu aliyekosa la kufanya studio. Alikuwa na mpango, na mpango huo haukuwa wa bendi.

Gharama zilipanda, na mradi uliokuwa wa binafsi ukageuka kuwa albamu inayofuata ya Killing Joke. Ferguson aliitwa kufanya mazoezi ya nyimbo hizo. Coleman akaona hamudu mipigo iliyohitajika, akamwondoa, na mpiga dramu wa kukodiwa akaletwa. Raven alishiriki katika kurekodi, kisha akaomba jina lake lisiwekwe kwenye jalada. Albamu ilitoka mwaka 1988 na kuishia nafasi ya 92, na baada yake bendi ilijikuta bila kampuni.

Wakati hayo yakiendelea, mambo mengine yalikuwa yakitokea nje ya chumba hicho, na kwa maoni yangu ndiyo yanayokifanya kisa hiki kistahili kusomwa. Agosti 1987, Metallica ya Marekani, iliyokuwa ikipanda kwa kasi, ilitoa santuri fupi ya nyimbo za bendi nyingine, na mmojawapo ulikuwa "The Wait", kutoka albamu ya kwanza ya Killing Joke. Mwaka 1988 Ministry ya Chicago iligeukia mlio mzito wa mashine na gitaa, na Birmingham ikazaa Godflesh, ambayo mwanzilishi wake, Justin Broadrick, hajawahi kuficha deni lake kwa Killing Joke. Nine Inch Nails ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1989. Kwa hiyo, katika miezi ileile ambamo Coleman alikuwa akifuta dramu za Ferguson na kupunguza gitaa la Walker, kizazi kizima, hasa upande wa pili wa bahari, kilikuwa kikijifunza kutoka kwa vitu hivyo viwili.

Maamuzi na sababu zake

Maamuzi matatu yanastahili kutenganishwa, maana mara nyingi huchanganywa na kuitwa kosa moja.

Uamuzi wa kwanza ni ule wa 1986, wa kulainisha mchanganyo. Sababu yake ilikuwa ya kibiashara na ilieleweka: "Love Like Blood" ilikuwa imefungua mlango, na waliowekeza fedha walitaka wimbo wa pili upite mlango huohuo. Kilichosahauliwa ni kwamba wimbo ule ulipita ukiwa na dramu na gitaa vikiwa vizima. Wapenzi wapya walivutwa na tofauti kati ya sauti tamu na kishindo kilichoibeba. Walipolainisha kishindo, waliondoa nusu ya kile kilichowauzia wimbo wa kwanza, na walichobaki nacho ni utamu ambao bendi nyingine nyingi za mwaka ule ziliutoa vizuri zaidi.

Uamuzi wa pili ni wa Coleman kutaka kutunga muziki wa aina nyingine. Huu sioni kosa ndani yake. Mtu aliyekuwa akipiga kinanda katika bendi ya kelele kwa karibu miaka kumi, mwenye hamu ya okestra ambayo baadaye ilithibitika kuwa ya kweli, alikuwa na haki ya kujaribu. Walker naye, kwa kuandamana naye, alifanya alichokuwa amefanya tangu Iceland.

Uamuzi wa tatu ndio uliovunja mambo: kuchukua matokeo ya uamuzi wa pili na kuyabandika jina lililotokana na kazi ya wanne. Sababu yake ilikuwa fedha zilizokwisha kutumika. Jina la Killing Joke lilikuwa na wanunuzi; jina la Coleman peke yake halikuwa nao bado. Kwa hesabu ya muda mfupi hoja hiyo ina mantiki, na sidhani kama aliyeifikia alikuwa na nia mbaya. Ila hesabu hiyo ilichukulia jina kama mali isiyopungua kwa matumizi, nayo si kweli kwa bendi yoyote, na si kweli zaidi kwa bendi ambayo wasikilizaji wake hawakuwa wengi bali walikuwa waaminifu mno.

Kuna jambo la nne ambalo halikuamuliwa na mtu yeyote, nalo ni hadhi ya Ferguson na Raven ndani ya mradi. Mradi ulipobadilika kutoka wa binafsi kuwa wa bendi, nafasi yao haikubadilika nao: waliendelea kuwa wanamuziki wanaoitwa kupiga kilichokwisha kuandikwa, ilhali jina lililokuwa litoke jaladani lilikuwa lao pia. Ferguson alipimwa kwa kigezo cha mpigaji wa kukodiwa, yaani kama anaweza kufuata mpigo ulioandikwa na mtu mwingine, na kwa kigezo hicho akaonekana kupungukiwa. Kwa kigezo cha Killing Joke, ambako mpigo ulianzia kwake na wengine wakaufuata, swali lenyewe lisingeulizwa.

Matokeo

Kwa muda mfupi matokeo yalikuwa mabaya kila upande: albamu haikuuza, washiriki wawili waliondoka, mkataba ulikwisha, na wapenzi wa zamani waliona wameuziwa bidhaa yenye lebo ya bidhaa nyingine.

Uponyaji ulikuja haraka kuliko ilivyotarajiwa. Coleman na Walker walimchukua Martin Atkins, aliyewahi kupiga dramu katika bendi ya Public Image Ltd, Raven akarudi, na mwaka 1990 wakatoa Extremities, Dirt and Various Repressed Emotions kupitia lebo ya Noise ya Ujerumani, iliyozoea zaidi metali (roki nzito, heavy metal) kuliko muziki wa chati. Ni albamu yenye hasira na nyama, pengine ngumu kuliko zote walizokwisha kufanya hadi wakati huo. Mwaka 1994 Youth alirejea, akatayarisha Pandemonium na kuitoa kwa lebo yake ya Butterfly. Sehemu ya uimbaji wake ilirekodiwa ndani ya Chumba cha Mfalme katika Piramidi Kuu ya Misri, na albamu ikafika nafasi ya 16, cheo ambacho bendi haikukifikia kwa albamu tangu Night Time.

Kuhusu ushawishi, miaka ya tisini ilimaliza ubishi. Bendi ya Marekani ya Foo Fighters ilirekodi upya "Requiem". Nirvana walipotoa "Come as You Are" kama wimbo wa kujitegemea mwaka 1992, wengi waliusikia ndani yake mstari wa gitaa wa "Eighties", wimbo wa Killing Joke wa mwaka 1984, na wanabendi wa Killing Joke wenyewe hawakuuchukulia mfanano huo kwa furaha. Haki inadai kuongeza kwamba The Damned, bendi ya panki ya Uingereza, walikuwa na wimbo wa mwaka 1982 wenye mstari unaokaribiana sana na wa "Eighties", kwa hiyo anayetaka kudai umiliki wa mlio ule ana safari ndefu. Mambo yaliishia kwa amani: Dave Grohl, aliyekuwa mpiga dramu wa Nirvana, ndiye aliyepiga dramu katika albamu ya Killing Joke ya mwaka 2003.

Uchambuzi

Swali la kwanza ni kwa nini Fire Dances ya 1983 ilikubalika na Outside the Gate ya 1988 ikakataliwa, ilhali zote mbili zilitanguliwa na mpasuko. Jibu la haraka ni kwamba mwaka 1983 alikosekana mmoja na mwaka 1988 walikosekana wawili. Jibu hilo haliridhishi, kwa sababu Extremities ya 1990 nayo ilikosa wawili kati ya wanne wa mwanzo, Youth na Ferguson, na hakuna aliyeilalamikia kuwa si Killing Joke. Tofauti iko katika namna ya kufanya kazi. Mwaka 1983 na 1990 wanamuziki wanne waliingia chumba kimoja na kusukumana hadi wimbo ukapatikana. Mpya aliyeingia, Raven mara ya kwanza na Atkins mara ya pili, alipewa nafasi ya kusukuma. Mwaka 1988 wimbo ulikuwa umekwisha kabla mpiga dramu hajakaa. Watu wanabadilishika kuliko inavyodhaniwa, ila utaratibu wa kutunga haubadilishiki kirahisi hivyo.

Swali la pili linahusu kile bendi ilichojua kuhusu thamani yake yenyewe. Mwaka 1987 dalili zilizokuwa mezani zilitoka katika chati za Uingereza, nazo zilisema kwamba sauti ya zamani imepitwa na wakati na kinachotakiwa ni ulaini. Dalili nyingine, ile ya Metallica kuchagua wimbo wa mwaka 1980, ilitoka mahali ambapo kampuni haikuwa na mazoea ya kutazama: kwa wapigaji wa metali wa California. Ni rahisi kuwalaumu kwa kutoiona. Lakini ushawishi una tabia ya kuchelewa. Anayeiga leo ni kijana aliyenunua santuri miaka saba iliyopita, na bendi inayosoma mauzo ya mwezi huu haina namna ya kumwona. Kwa hiyo lawama yangu hapa ni ndogo, na ninaiweka zaidi kwa waliokuwa na kazi ya kujua masoko kuliko kwa wanamuziki.

Kilichofanya kazi vizuri katika kisa hiki ni mambo mawili ambayo hayakusifiwa wakati huo. La kwanza ni ombi la Raven la kutoandikwa jaladani. Kwa kitendo hicho alilinda jina lake bila kuitukana bendi hadharani, na pengine ndiyo sababu aliweza kurudi miaka miwili baadaye kana kwamba hakuna lililovunjika. La pili ni kimya cha Walker. Alikuwa mtu pekee, mbali na Coleman, aliyepiga katika albamu zote za bendi, mbaya na nzuri. Kwa kubaki kwake, mlio wa gitaa haukuwahi kukatika, na bendi ilipotaka kurudi ilikuwa na mahali pa kurudia. Wapo wanaosema alipaswa kumpinga Coleman mwaka 1987. Huenda; ila mpinzani aliyeondoka asingekuwapo kupiga Extremities.

Kilichoshindikana kabisa ni kwa Ferguson. Aliondolewa kwa kigezo kisichokuwa cha kazi yake, na ilichukua miongo miwili kurekebishwa: Raven alipofariki Oktoba 2007 mjini Geneva, wanne wa mwanzo walikutana tena, wakarudi jukwaani mwaka 2008 na kutoa Absolute Dissent mwaka 2010, albamu yao ya kwanza ya pamoja tangu 1982. Zilifuata MMXII mwaka 2012 na Pylon mwaka 2015, na safu hiyo ilidumu hadi Walker alipofariki mjini Prague Novemba 2023. Anayesikiliza Pylon atasikia ngoma zilezile za kati zikizunguka, na atajiuliza ni albamu ngapi za miaka ya tisini zingekuwa nazo.

Limebaki swali kama nyimbo za Outside the Gate zingeweza kuishi maisha mengine. Hapa kuna ushahidi mzuri kuliko dhana. Mwaka 1990, mwaka uleule wa Extremities, Coleman alitoa pamoja na mtunzi Anne Dudley albamu iliyochota katika muziki wa Cairo, Songs from the Victorious City, na baadaye katika muongo huo akapanga nyimbo za Pink Floyd na za Led Zeppelin kwa ajili ya okestra. Hamu iliyokuwa imeikaba bendi mwaka 1987 ilikuwa imepata nyumba yake. Kazi hizo zilitoka kwa majina ya waliozifanya, zikapata wasikilizaji wake, na hakuna mpenzi wa Killing Joke aliyedai kurudishiwa fedha.